Ukumbi wa Senti Tano

MTANGAZAJI: Leo tunakusimulia habari za ukumbi mdogo wa sinema uliokuwa katikati ya mji wa Pittsburgh, Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma. Wafanyakazi wengi walikuwa wageni kutoka Italia, Poland na kwingineko Ulaya. Wengi walifanya kazi saa 12 kwa siku. Majumba ya maigizo yalikuwepo, lakini kiingilio kilikuwa ghali, na anayeigiza huongea Kiingereza. Mgeni angefuata nini huko?

Tarehe 19 Juni 1905, Harry Davis na shemeji yake, John P. Harris, waligeuza chumba cha duka katika mtaa wa Smithfield kuwa ukumbi wa sinema. Kulikuwa na viti 96 tu. Waliuita Nickelodeon: nickel ni sarafu ya senti 5, na odeon ni neno la Kigiriki la ukumbi wa muziki. Senti 5 ndizo zilizokuwa kiingilio.

Onyesho lilikuwa la muda mfupi, huku piano ikipigwa. Likiisha, wewe unatoka, mwingine anaingia, tangu asubuhi hadi usiku. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza waliingia watu 450, na siku ya pili zaidi ya 1,500.

Unajua kilichowavuta? Bei, ndiyo. Lakini pia filamu zilikuwa bubu. Mtu akiteleza kwenye matope, Mwitaliano anacheka na Mpolandi anacheka. Hapakuhitajika mkalimani.

Baada ya miaka michache, kumbi za aina hiyo zilifika maelfu nchini humo. Baadhi ya wenyewe walikuwa wahamiaji. Ndugu wa familia ya Warner, ambao wazazi wao walihama kutoka Poland, walianza na ukumbi mdogo katika mji wa New Castle, si mbali na Pittsburgh. Mwaka 1923 walianzisha kampuni ya Warner Bros., inayojulikana dunia nzima.

Lakini tusiipambe historia. Katika kumbi nyingi za Marekani watu weusi walikalishwa kando, au walizuiwa mlangoni. Mlango uliomfungulia mgeni mmoja ulimfungia mwenyeji mwingine.

Baadaye filamu zikawa ndefu, yakajengwa majumba makubwa, na vyumba vile vya senti 5 vikafungwa.

Msikilizaji, huenda kambini kwenu kuna kibanda cha video: mabenchi, jenereta, na watu wa makabila mbalimbali wakitazama kioo kimoja. Usikidharau. Ila jiulize: ni nani hapo kwenu bado anabaki nje ya mlango? Mfanyieni nafasi kwenye benchi.

Tukutane katika kipindi kijacho. Kwaheri.