Adui Mdogo wa Zizi

Wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende. Katika historia ya ufugaji wa Afrika, mwiba huo ni kupe.

Mwaka wa 1896 maradhi ya sotoka yaliingia kusini mwa Afrika, yakaua ng'ombe wengi mno, hata magari ya kukokotwa na maksai yakasimama njiani. Ili kujaza pengo hilo, ng'ombe wengine walinunuliwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki, wakapelekwa kwa meli hadi Beira, na kutoka huko wakaingizwa bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Walionekana wazima kabisa. Walakini, kuanzia mwaka wa 1901, ng'ombe wa wenyeji walishikwa na homa, wakavimba tezi, wakapumua kwa shida, kisha wakafa. Ugonjwa huo ni ndigana, uitwao pia Homa ya Pwani kwa sababu ya asili yake. Kusini mwa Afrika uliangamiza ng'ombe zaidi ya milioni moja.

Bingwa Robert Koch aliitwa mwaka wa 1903. Alijaribu kuwakinga ng'ombe kwa damu ya wale waliopona, lakini hakufanikiwa. Aliyefumbua fumbo alikuwa Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Rasi, ambaye kufikia mwaka wa 1904 alikwisha kuonyesha kwamba mwenye kuueneza ni kupe wa rangi ya kahawia akaaye masikioni mwa ng'ombe. Kupe mchanga hunyonya damu ya mgonjwa, huanguka, hujificha majanini na kujivua gamba. Kisha hupanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza.

Tangu hapo vita vilibadilika. Huko Natal, Herbert Watkins-Pitchford alitumia josho, yaani handaki la maji yenye sumu ya aseniki, akaogesha ng'ombe kila baada ya siku chache. Alikuwa na sababu: kupe huhitaji kunyonya siku tatu hivi kabla ya kuweza kuambukiza. Akifa mapema, ng'ombe husalimika. Kwa majosho, senyenge na kuchinja wagonjwa, Afrika ya Kusini iliufukuza ugonjwa huo katika miaka ya 1950.

Kwetu Kenya ndigana ingalipo. Chanjo iliyotafutwa Muguga katika miaka ya 1970 husaidia, lakini haiondoi kupe. Kwa hiyo kazi yabaki nyumbani: kufyeka majani kando ya zizi, kukagua masikio ya ndama, kuacha kuku wadonoe kupe uani, na kuogesha mifugo kwa dawa iliyochanganywa kwa kipimo. Dawa hafifu humzoeza kupe sumu, naye hurudi na nguvu zaidi.

Nchi nzima ziliponywa kwa kazi ndogo iliyorudiwa bila kuchoka. Zizi moja nalo litaokolewa hivyo hivyo.