Kimondo Kilichotutangulia

Tulitoka Tunduma asubuhi pamoja na vijana wa usharika, tukashika barabara ya Mbeya hadi kwenye Kimondo cha Mbozi. Ni jiwe la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, nalo lina kovu pale msumeno ulipokata kipande. Vitabu husema liligunduliwa mwaka 1930. Lakini wenyeji walilijua kabla ya hapo!

Tulijiona humo. Nasi huhubiri kana kwamba Mungu alifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891 pamoja na wamisionari wa Berlin. Walileta Injili, tunawashukuru. Mungu hawakumleta, alikuwa akiwanyeshea babu zetu mvua. Basi tunapowahubiria wazee wasiobatizwa, kwanza tuwasikilize.