Vikundi vya Kujitetea

Vikundi vya kujitetea ni vikundi vya watu wazima wenye ulemavu wa akili au wa makuzi wanaojisemea wenyewe badala ya kusemewa na wazazi au wataalamu. Vilichipuka Sweden miaka ya 1960. Mwaka 1974 kikundi cha People First kilianza Oregon, Marekani. Afrika Mashariki vimekulia zaidi ndani ya jumuiya za watu wenye ulemavu huo, kama KAIH ya Kenya na ZAPDD ya Zanzibar. Kikundi huwa na msaidizi anayefafanua mambo kwa lugha nyepesi, lakini uamuzi, angalau kikanuni, si wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2010. Hata hivyo, huko Lushoto, katika milima ya Usambara, huduma inayojulikana zaidi ni ya elimu, si kikundi cha kujitetea: Irente Rainbow, shule ya kanisa la Kilutheri (KKKT) kwa watoto wenye ulemavu wa akili.