Ugomvi wa mwezi haukuanza na redio

Kila Shaaban inapofika tarehe 29, kabla hata watu hawajamaliza kuvunja jungu, swali huwa lile lile: mwezi umeandama? Wapo wanaosubiri tangazo la Mufti au Kadhi Mkuu, na wapo wanaoamka kula daku kwa sababu umeonekana Saudia. Mwisho wa mfungo mambo huwa mazito zaidi, maana kufunga siku ya Idi ni haramu. Katika mtaa mmoja, nyumba hii inapakua pilau ya sikukuu, na ya jirani inangoja adhana ya Magharibi ifuturu.

Wengi hudhani mzozo huu umeletwa na redio na simu. Vitabu vya Hadithi vinasema vingine.

Funga ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa pili wa Hijra, sawa na mwaka 624. Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wafunge kwa kuuona mwezi na wafungue kwa kuuona, ukifichwa na mawingu, wakamilishe siku 30. Waislamu walipokuwa wachache, Madina na viunga vyake, agizo hilo halikuwa na utata. Dola ilipotanuka, utata ukaja.

Imam Muslim amepokea kisa kinachouonyesha utata huo. Ummul Fadhl, mama yake sahaba Ibn Abbas, alimtuma Kurayb kwenda Sham kwa Muawiya, mtawala wa huko. Kurayb alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Ibn Abbas. Ramadhani ikamwandamia huko, na mwezi akauona kwa macho yake usiku wa kuamkia Ijumaa. Mwisho wa mfungo akarudi Madina. Katika mazungumzo Ibn Abbas akamuuliza waliuona lini. Aliposikia ni kuamkia Ijumaa, akauliza tena: wewe mwenyewe uliuona? Kurayb akajibu ndiyo, na watu waliuona wakafunga, na Muawiya akafunga. Ibn Abbas akasema wao wa Madina waliuona kuamkia Jumamosi, basi wataendelea kufunga mpaka zitimie 30 au wauone wenyewe. Kurayb akashangaa: kuona kwa Muawiya na funga yake hakutoshi? Hapana, akajibu Ibn Abbas, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Ibn Abbas hakumwita Kurayb mwongo, wala hakuwatuhumu watu wa Sham kuwa wamepotea.

Imam Tirmidhi ameandika kuwa wanazuoni waliifuata Hadithi hii, kila mji na mwandamo wake. Ndiyo rai iliyoshika mizizi kwa Mashafii, na pwani yetu ni ya Mashafii. Wanazuoni wengine, wakiwamo wengi wa Kihanafi, wanasema ukionekana popote umeonekana kwa wote, kwani agizo la Mtume halikutaja mji. Pande zote mbili zina hoja, na zote zimerithiwa tangu karne nyingi.

Redio ilipoingia majumbani, habari ya mwezi ikaanza kuvuka bahari usiku ule ule. Siku hizi inafika simuni kabla ya Isha. Wa kutoka kwenda ufukweni kuutafuta mwezi wamebaki wachache, ilhali wa kubishana juu yake hawana idadi.

Anayesimama na Ibn Abbas akumbuke jambo moja. Kutoka Madina hadi Dameski, mji mkuu wa Sham, ni kiasi cha kilomita 1,000. Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam hazifiki 100. Kisa cha Kurayb hakiwezi kuwa hoja ya kuugawa mji mmoja, seuze mtaa mmoja. Na anayefuata mwandamo wa mbali akumbuke kwamba Kurayb, aliyeuona mwezi kwa macho yake, hakutajwa kuanzisha msikiti wa pili Madina.

Masheikh wetu wakae kitako mapema, Rajabu au kabla yake, waafikiane ni ushahidi gani utakaokubaliwa na nani atatangaza. Kulisubiri suala hili mpaka Magharibi ya tarehe 29 ni kuwaachia waumini mzigo usio wao.