Redio Kaseti Juu ya Kitambaa cha Kufuma

Ukitaja redio kaseti kubwa mbele ya watu waliokulia kwenye sinema za Marekani, picha inayowajia ni kijana wa New York mwenye redio begani. Spike Lee aliikaza picha hiyo mwaka 1989 katika Do the Right Thing, na miaka minne kabla yake LL Cool J alikuwa ameshaiweka redio ya JVC kwenye jalada la albamu yake, Radio. Sina ugomvi nao. Ila huku kwetu Tanga redio ile haikupanda begani mwa mtu. Ilikaa ndani, juu ya kabati la vyombo, chini yake kitambaa cha kufuma, juu yake kitambaa kingine cha kuzuia vumbi, na mtoto aliyeigusa bila ruhusa alijua kitakachompata.

Kaseti yenyewe ilitoka kwa Philips, kazi ya mhandisi wa Kiholanzi Lou Ottens na wenzake, ikaonyeshwa Berlin mwaka 1963. (Mwaka huohuo Sauti ya Ujerumani ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Sadfa tu, lakini naipenda.) Miaka mitatu baadaye Philips haohao wakaiunganisha na redio ndani ya kisanduku kimoja. Baada yao wakaja Wajapani, kina National, Sanyo, Sony na Sharp, na hizo ndizo zilizojaa majumbani kwetu, nyingine zikiletwa na mabaharia au na ndugu waliokuwa Uarabuni.

Kumbuka kwamba Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, lakini sisi wa Bara tulingoja hadi 1994. Jioni zetu zilikuwa za Radio Tanzania: Mama na Mwana kwa watoto, Pwagu na Pwaguzi kwa kila mtu. Redio ya kawaida ilisema, ikanyamaza, basi. Hii mpya ilikuwa na kitufe chekundu. Ulikibonyeza pamoja na kile cha kuchezea, na maneno yaliyokuwa yanapita hewani yakabaki nyumbani kwako.

Hapo ndipo nadhani wanahistoria wa fasihi yetu wamelala kidogo. Tunahesabu vitabu, matoleo, wachapaji. Malenga wa Mvita cha Ahmad Nassir tunajua kilitoka 1971. Lakini mashairi ya Ahmad Nassir yaliimbwa pia na Juma Bhalo, na kaseti za taarabu zilizouzwa na maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa ziliingia nyumba ambazo kitabu cha mashairi hakikuwahi kuingia. Kule Lamu, Wasiya wa Mabanati wa Ustadh Mahmoud Mau ulizunguka kwa kaseti, ukisikilizwa na akina mama waliokuwa wakifanya kazi zao. Yaani mwenye redio ya deki mbili alikuwa na mtambo wa uchapaji sebuleni. Alinakili kwa jirani, jirani akanakili kwa shemeji, na hakuna aliyehesabu nakala.

Ubaya ni kwamba kitufe kilekile kilichohifadhi ndicho kilichofuta.

Kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, haiwezi tena kurekodiwa juu yake. Lakini kila mtoto wa wakati ule alijua dawa yake: unaziba tundu kwa selotepu, mashine inadanganyika.

Bibi yangu, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa ameuhifadhi kichwani Utendi wa Mwana Kupona, ule wosia wa mama kwa bintiye uliotungwa 1858. Mjomba alimrekodi akiughani, akavunja vijino. Mwaka jana nilinunua moja ya hizi redio mpya zinazoigiza sura ya zamani, yenye bluetooth na tundu la kuchomeka flashi. Kusema kweli sehemu yake ya kaseti ni nyepesi mno, huwezi kuilinganisha na National ya mjomba. Lakini inacheza, na inanakili kaseti kwenda kwenye flashi. Nikatia kaseti ya Bibi.

Nikasikia Simba na Yanga.

Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 ni dakika 45, sawasawa na kipindi kimoja cha mpira. Kipindi cha pili kiko upande wa pili. Selotepu bado imebandikwa, imekuwa rangi ya chai, na aliyeibandika ni mimi.

Watengenezaji, hata hivyo, huacha utepe wa ziada kidogo. Mapumziko yalipotangazwa nilikuwa nimeizima, na baada ya mtangazaji kukatika katikati ya neno, Bibi anatokea. Beti saba. Kuku wanasikika uani, mtu anaangusha sufuria, yeye anaendelea. Nimezilinganisha na kitabu nilicho nacho: mpangilio wake si ule wa kitabuni, na maneno mawili ameyasema kivyake. Alijifunza kwa nani hivyo, na beti zilizotangulia alizipangaje? Mjomba hakumbuki. Anakumbuka Yanga walishinda.

Beti zile saba sasa ziko kwenye flashi, na nakala nyingine iko kwa dada. Kaseti nimeirudisha kwenye kasha lake, selotepu nimeibandua.