Wazee Wasio na Ukoo

Tunapoadhimisha yubile ya Jimbo letu twahesabu mapadre, makanisa na shule. Yafaa tuwahesabu na wazee, kwa kuwa Misioni yetu ilianza na watu wasiokuwa na mahali pa kuzeekea.

Desturi ya Waluguru yajulikana. Mtu ni wa ukoo wa mamaye, ndio lukolo, na ndani yake ni wa tombo lake. Akizeeka hukaa katika ardhi ya ukoo, na wapwa na wajukuu humletea kuni na maji. Kwa hiyo babu zetu hawakujenga nyumba ya wazee. Ukoo ndio uliokuwa nyumba.

Lakini mtumwa alikuwa amekatwa katika ukoo wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, wakakomboa watumwa, wengi wao watoto wasioijua tena njia ya kwao. Walipokua wakaoana, wakalima, wakawa kijiji cha Wakristo. Jamaa kadhaa wakapelekwa bara kuwa mwanzo wa vijiji vya Mhonda, mwaka 1877, na Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mwaka 1882. Walipoota mvi hawakuwa na mjomba wala mpwa. Walikuwa na watoto waliowazaa, na Wakristo wenzao. Hao ndio waliokuwa ukoo wao. Nje ya Misioni uhuru ulichelewa: Serikali ya Wadachi iliamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, bali utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Wadachi nao walijua kuzeeka ugenini, ijapokuwa walihama kwa hiari yao. Wale waliohamia Marekani walichanga fedha, na katika miaka ya 1880 wakajenga karibu na Chicago nyumba iitwayo Altenheim, maana yake makao ya wazee, kwa ajili ya wazee wa lugha yao.

Basi nyumba ya wazee huzaliwa pale ukoo unapokatika. Siku hizi haukatwi kwa mnyororo. Vijana hushuka kutoka Matombo na Mgeta kwenda Dar es Salaam, na bibi hubaki na jembe lake. Mjini Morogoro yako makao ya Serikali ya Fungafunga, yapokeayo wazee wasiojiweza. Ni msaada mwema. Lakini yatupasa kujiuliza: mzee akikosa mtu wa kumtunza, je, hana ukoo, au ukoo umemsahau?

Waliokombolewa, wasio na kwao, walifanyana ndugu. Itakuwa aibu sisi wenye koo kamili tukiwaacha wazee wetu kama watu wasio na kwao. Kila kigango kiandike majina ya wazee wakaao peke yao, na kando ya kila jina, jina la mtu atakayemtekea maji.