Volti na fezi katika bodi ya umeme

Bodi ya umeme ni kisanduku kinachopokea stima kutoka kwenye mita na kuigawa kwa saketi za jengo, kila saketi na sakitibreka yake. Nchini Kenya kipimo cha kawaida ni volti 240 kwa fezi moja na volti 415 kwa fezi tatu, mizunguko 50 kwa sekunde. Wengi huzichukua namba hizo kuwa stima za aina mbili. Stima ni ileile. Kinachobadilika ni nyaya zinazopimwa, maana volti ni tofauti iliyopo kati ya waya na waya.

Katika milima ya Kisii na Nyamira, transfoma ya nguzoni hupokea volti 11,000 au 33,000 na kutoa nyaya nne: fezi tatu na nyutro. Kila fezi hupanda na kushuka ikiwa nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Kwa kuwa moja haifiki kilele wakati uleule nyingine inapofika chini kabisa, kati ya fezi na fezi hazipatikani volti 480 bali 415, yaani 240 mara 1.73.

Nyumba ya kawaida hutumia fezi moja na nyutro. Viwanda vya majani chai, kama Nyansiongo, Kebirigo na Ogembo, huendesha mitambo yao kwa fezi tatu, na vinu vikubwa vya kusaga mahindi na wimbi vivyo hivyo. Mota ya fezi tatu huanza kuzunguka bila kapasita, na ukipishanisha fezi mbili zozote hugeuza mwelekeo. Fezi moja ikipotea, mota iliyosimama hunguruma tu. Iliyokuwa ikizunguka hujikokota, ikivuta mkondo mwingi hadi koili zinaungua, kama haina kinga ya kuikata.

Fleti za kupangisha ndizo zenye mafunzo zaidi. Jengo la ghorofa nne mjini Kisii au Keroka likiingiziwa fezi tatu, wapangaji hugawanywa: hawa fezi ya kwanza, wale ya pili, wengine ya tatu. Ndani ya bodi ya namna hii, sakitibreka zilizopangwa safu moja mara nyingi hupokezana fezi. Weka ncha za kipimio kwenye sakitibreka moja na nyutro: 240. Ziweke kwenye sakitibreka mbili jirani: 415. Zikiwa mbili za fezi moja, kipimio husoma sufuri, na ukigusa yoyote kati ya hizo itakurusha. Sufuri hiyo imewadanganya mafundi wengi wa kubahatisha.

Nyutro haiogopwi, lakini ikilegea ndiyo inayoleta hasara. Chukua wapangaji wawili walio kwenye fezi tofauti, mmoja akichemsha maji kwa birika la wati 2,000, mwingine akiwa na taa na televisheni za wati 100. Nyutro yao ya pamoja ikikatika, vifaa vyao vinabaki vimefuatana kati ya fezi mbili na kugawana volti 415. Tukivihesabu kama vikinza vya kawaida, birika linabaki na volti 20 hivi, na televisheni inapewa kama 395. Mwenye birika analalamika maji hayachemki. Jirani ananusa moshi. Fyuzi haikatiki papo hapo kwa sababu mkondo wenyewe ni mdogo, hata ampea moja haufiki. Kwa hiyo skrubu za nyutro hukazwa na kukaguliwa kwa makini kuliko zote.

Waya wa athi ni habari nyingine: haubebi mkondo wa kila siku, kazi yake ni kupeleka hitilafu ardhini. Kuuunganisha mahali pa nyutro ili taa iwake ni ufundi wa hatari, kwani masanduku ya chuma yanaweza kupata stima.

Rangi nazo zina mtego. Majengo ya zamani yana fezi nyekundu, njano na buluu, na nyutro nyeusi. Katika mpangilio mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro ni buluu, na athi ni kijani chenye mistari ya njano. Jengo lililoongezewa ghorofa juu ya nyaya za zamani linaweza kuwa na nyaya nyeusi za namna mbili katika bodi moja: mmoja nyutro, mwingine volti 240.